Kabla Goti Halijafunguliwa: Lijue Paja Lako, Kisha Mpange Njia ya Kisu

Jumanne moja asubuhi mama mmoja aliingia kwangu akiwa amekumbatia bahasha ya eksirei kama hati ya shamba. Alikuwa amepanda matatu mbili kutoka Kayole, kijana wake akimshika kiwiko. "Daktari amesema goti limeisha, libadilishwe," akaniambia, na papo hapo akauliza wanachouliza karibu wote: hicho chuma kinatoka wapi, na kitadumu miaka mingapi? Nikamwomba akae ukingoni mwa kitanda, apandishe leso kidogo, anyooshe mguu. Mguu ulipanda nusu, ukatetemeka, ukaanguka. Paja la kulia lilikuwa limenywea, na juu ya goti upande wa ndani, pale ambapo pangetuna nyama, palikuwa na kibonyeo cha kutosha kidole gumba. Eksirei ilionyesha mifupa inayosagana. Haikusema lolote kuhusu msuli utakaolibeba goti jipya.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia hapa Nairobi, na wagonjwa wa kubadilishiwa goti huwapokea mara mbili, kabla ya thieta na baada yake. Ninachokiona kila wiki ni kwamba hali ya paja huamua mambo mawili makubwa: daktari atapitia wapi kulifikia goti, na wewe utasimama kwa miguu yako lini. Mwongozo huu ni wa mtu aliyeambiwa kwamba goti lake litabadilishwa, na wa watoto wake wanaompeleka kliniki. Anza kuutumia angalau wiki sita kabla ya tarehe. Uamuzi wa kisu unabaki kwa daktari mpasuaji. Nataka tu uingie chumbani mwake ukijua mnazungumzia nini.

Hatua ya 1: Lisome paja kwa mkono wako

Keti ukingoni mwa kitanda, miguu ining'inie. Weka kiganja katikati ya paja, kisha nyoosha goti taratibu. Kinachokakamaa chini ya kiganja ni kwadrisepsi, kundi la misuli minne yenye kazi moja kubwa ya kunyoosha goti. Wa katikati ni rektasi femorisi. Huu unaanzia juu kwenye mfupa wa nyonga, kwa hiyo unavuka viungo viwili: unainua paja na kunyoosha goti. Chini yake, ukiwa umelalia fupa la paja, kuna vastasi intamidiasi, ambao huwezi kuufikia kwa kidole. Upande wa nje ni vastasi lateralisi, na upande wa ndani ni vastasi midialisi.

Huu wa ndani tulia nao. Nyuzi zake za chini hazishuki wima kama za wenzake. Zinakuja kwa mshazari na kujishikiza kwenye ukingo wa ndani wa pia ya goti, yaani ule mfupa wa duara wa mbele. Kwa mtu mwenye paja zima, akikaza mguu utauona msuli huu umetuna kama tone la maji. Kazi yake ni kuizuia pia isivutwe kuelekea nje. Ndio msuli uliokuwa umetoweka kwa yule mama wa Kayole, na ndio unaosimama njiani mwa kisu.

Sasa shuka. Misuli yote minne inaungana kuwa kano moja nene juu ya pia. Iguse mguu ukiwa umekazwa, ni ngumu kama mkanda. Pia yenyewe imekaa ndani ya kano hiyo na kuipa nguvu ya wenzo. Chini ya pia, kano inaendelea hadi kwenye kinundu cha mbele ya muundi, kile kinachouma ukipiga magoti kwenye simenti. Msuli, kano, pia, kano tena, kisha kinundu: huo ni mnyororo mmoja, na ndio unaokuinua kwenye kiti. Ukikatika popote, goti bandia la bei yoyote halitakusimamisha.

Nyuma ya paja kuna hamstringi, misuli mitatu inayokunja goti. Goti lililouma kwa miaka hupenda kukaa limekunjika kidogo, na misuli hii hufupika pamoja na utando mgumu wa nyuma ya kiungo. Ndiyo sababu watu wengi hawawezi tena kulaza mguu ukanyooka kitandani.

Mambo matatu zaidi, maana yatarudi. Nyuma kabisa ya goti hupita ateri kubwa inayolisha mguu wote wa chini, karibu sana na mahali daktari anapokata muundi. Upande wa nje, chini kidogo ya goti, utagusa kifundo kidogo cha mfupa. Hapo inazunguka neva inayoinua wayo, ikiwa juu juu tu chini ya ngozi. Na upande wa ndani wa paja, katikati kwenda chini, kuna mfereji uliofichwa na misuli, unaopitisha ateri ya paja, vena yake, na neva inayopeleka hisia za upande wa ndani wa goti na mguu.

Hatua ya 2: Pima, uandike kwenye daftari

Nunua daftari dogo. Azima futi ya fundi cherehani. Lala chali, weka alama ya kalamu sentimita 10 juu ya ukingo wa juu wa pia, zungusha futi hapo, andika. Fanya hivyo miguu yote miwili. Kama goti moja ndilo bovu, tofauti ya sentimita mbili tatu itakwambia msuli kiasi gani umekwenda, ingawa mafuta na uvimbe huweza kuficha ukweli.

Kipimo kinachonieleza mengi kuliko hicho ni hiki. Lala chali, kunja taulo liwe kama chapati iliyosokotwa, liweke chini ya goti, kisha inua kisigino goti likiwa bado juu ya taulo. Mtu wa pembeni achuchumae na kutazama. Je, mguu unanyooka wenyewe kufikia pale ambapo mtu akikuinulia kisigino kwa mkono unafika? Kama mkono wa mtu unaunyoosha zaidi ya unavyoweza wewe, msuli unashindwa na mfupa haujazuia. Andika: "Unashindwa." Kama hata kwa mkono wa mtu haunyooki, kiungo chenyewe kimeganda. Andika: "Umeganda." Daktari atashukuru kuona maneno hayo mawili, kwa sababu yanapelekea mipango miwili tofauti.

Kisha pima kukunja. Lala chali, vuta kisigino kuelekea makalioni bila kulazimisha, mtu akupige picha kwa simu kutoka pembeni. Mtaalamu wa fiziotherapia atapima pembe kwa goniometa, lakini picha inatosha kuanzia. Kipimo hiki ni cha thamani, kwa kuwa jambo linalotabiri vizuri zaidi goti jipya litakunjika kiasi gani ni kiasi ambacho goti la zamani lilikuwa likikunjika. Kupanda ngazi kunataka takriban digrii 90, kuinuka kwenye kochi la chini hupita digrii 100. Kuchuchumaa kwenye choo cha shimo hupita digrii 130, na magoti bandia mengi huishia kati ya 110 na 120. Kama nyumbani Nairobi, au ushago unakokwenda Desemba, choo ni cha kuchuchumaa, jambo hili lisemwe mapema na kiti cha choo kitafutwe. Nimewaona wazee waliofanyiwa upasuaji mzuri wakihuzunika sana kwa sababu hakuna aliyewauliza kuhusu choo.

Mwisho, kaa kwenye kiti cha kawaida cha mezani, mikono kifuani, uinuke na kukaa kwa sekunde 30. Hesabu mara ngapi. Usipoweza hata mara moja bila mikono, andika sufuri. Sufuri nayo ni namba, na tutaanzia hapo.

Hatua ya 3: Eksirei ipigwe ukiwa umesimama

Hili ni fupi lakini limegharimu watu wengi siku nzima. Mzee mmoja alitumwa na kituo kimoja na picha nzuri sana ya goti, aliyopigwa akiwa amelala. Akiwa amelala, mfupa haujabeba uzito, na nafasi kati ya mifupa ilionekana kubwa kuliko ilivyo. Ikabidi arudi, alipe tena. Unapofika kwa mpiga picha, sema mwenyewe: nataka ya mbele nikiwa nimesimama, ya pembeni, na ya pia ya goti kutoka juu. Daktari anaweza pia kuomba picha ndefu ya mguu mzima, kutoka nyonga hadi kifundo, ili aone mstari wa uzito unapita wapi.

Picha ndefu ndiyo inayoonyesha kama una matege, ambapo uzito unaangukia upande wa ndani wa goti, au kama magoti yako yanagongana, ambapo uzito uko upande wa nje. Kumbuka ile neva ya upande wa nje: mguu wenye goti linaloingia ndani sana, ukinyooshwa mezani, neva hiyo huvutika, na wayo unaweza kupoteza nguvu ya kuinuka. Wenye magoti ya namna hiyo wamwulize daktari waziwazi kuhusu hatari hiyo.

Tena, mwambie daktari aitazame nyonga. Nyonga mbovu huweza kutuma maumivu gotini, na ni uchungu mkubwa kubadilisha goti wakati tatizo lilikuwa juu.

Hatua ya 4: Elewa njia za kisu

Si lazima uende kwenye maabara ya anatomia ya Chiromo ili uelewe hili. Nenda Burma, soko la nyama la Barabara ya Jogoo, umwombe muuza nyama akuonyeshe mguu wa mbuzi wa nyuma kabla hajaugonga shoka. Tazama nyuzi za nyama zinavyoelekea. Kisu kikifuata nyuzi, nyama inaachana na kubaki nzima pande zote mbili. Kisu kikikata nyuzi kwa upana, nyama inafunguka na kuchanika. Kisha umwombe ainue msuli mzima kwa kidole kutoka kwenye mfupa bila kuukata: utaona unaachia kwenye utando mweupe. Na ile kano nyeupe inayong'aa juu ya goti, akiipasua kwa urefu, goti lote linafunguka kama kitabu. Hapo umeshaona njia tatu kuu za kulifikia goti la binadamu kutoka upande wa ndani.

Ya kwanza, na inayotumika zaidi duniani, hupita pembeni mwa pia. Ngozi hukatwa wima katikati ya goti. Ndani, daktari hupasua kano ya kwadrisepsi kwa urefu karibu na ukingo wake wa ndani, anazunguka ukingo wa ndani wa pia akiacha utepe mwembamba wa nyama wa kushonea baadaye, kisha anashuka kando ya kano hadi karibu na kinundu cha muundi. Pia inasukumwa nje na goti linaonekana lote. Njia hii ina asili ya karne ya 19, kwa mpasuaji Mjerumani von Langenbeck, na Insall wa Marekani aliiboresha miaka ya 1970. Sifa yake ni uwazi: daktari anaona vizuri, na akikwama anaweza kuirefusha. Gharama yake ni kwamba kano imekatwa na kushonwa, na ule msuli wa tone umetenganishwa na wenzake.

Ya pili inaacha kano nzima. Kisu kinaanzia kwenye pembe ya juu ya ndani ya pia na kuupasua vastasi midialisi kwa kufuata nyuzi zake, kama ulivyoona kwa mbuzi. Engh na wenzake waliieleza mwaka wa 1997. Mpasuo haupaswi kwenda mbali ndani ya msuli, kwa sababu neva ya msuli huo imo humo.

Ya tatu hupita chini ya msuli. Vastasi midialisi unainuliwa wote kutoka kwenye utando wake bila kukatwa wala kupasuliwa, na mnyororo wa kunyoosha goti unabaki mzima. Erkes aliieleza mwaka wa 1929, ikasahaulika kiasi, hadi Hofmann na wenzake walipoifufua mwaka wa 1991. Inapendeza masikioni, na wagonjwa huja wakiwa wameisikia kwenye video. Lakini nafasi ni finyu. Kwa mtu mnene, kwa mwanamume mwenye mapaja makubwa ya misuli, kwa goti lililoganda, au kwa goti lililowahi kupasuliwa, daktari huhangaika kuona, na kano inaweza kuchanika kwenye kinundu. Juu zaidi, yuko jirani na ule mfereji wenye ateri ya paja.

Kuna ya nne, ya upande wa nje, aliyoieleza Keblish mwaka wa 1991 kwa ajili ya magoti yanayogongana sana. Wanaoitumia ni wachache, na huhitaji mkono uliozoea.

Je, ipi bora? Nitasema ninavyoamini. Njia zinazouhifadhi msuli huwasaidia wagonjwa kuinua mguu mapema, na maumivu ya siku za kwanza huweza kupungua. Lakini miezi ikipita, tofauti kati ya njia hizi huwa ndogo au haipo. Kwa hiyo sitamshauri mtu yeyote ambane daktari atumie njia asiyoizoea kwa sababu kovu litakuwa fupi. Goti lililokaa sawasawa kupitia njia kubwa linazidi goti lililopinda kupitia tundu dogo. Njia bora ni ile ambayo daktari wako ameifanya mara nyingi, na inayofaa paja alilolitazama na kulishika.

Neno kwa wenye magoti yaliyoganda kabisa, hasa waliokaa na ugonjwa miaka mingi ushago kabla ya kufika Nairobi. Msuli wao umefupika na kushikana na mfupa, na pia haisogei. Daktari anaweza kulazimika kuikata kano ya kwadrisepsi kwa mshazari juu, au kuinua kipande cha mfupa chenye kinundu cha muundi na kukirudisha kwa skrubu au waya. Mkato ule wa mshazari kwa kawaida haubadilishi sana mazoezi ya baadaye. Kuinua kinundu hubadilisha, maana mfupa lazima uungane. Kwa hiyo ukitoka thieta, mtaalamu wako wa fiziotherapia anatakiwa ajue ni nini kilifanyika ndani. Omba nakala ya ripoti ya upasuaji, usisubiri uulizwe.

Ngozi nayo ni sehemu ya mpango. Damu ya ngozi ya mbele ya goti hutoka zaidi upande wa ndani, kwa hiyo penye makovu kadhaa ya wima daktari hupendelea kutumia la nje kabisa linalofaa. Kovu la kulala, hulikata kwa pembe mraba. Mwonyeshe makovu yote: ya ajali ya bodaboda, ya upasuaji wa zamani, chale, mahali palipoungua kwa kuchuliwa na dawa ya moto. Na kama umedungwa sindano ya steroidi ndani ya goti, taja tarehe. Upasuaji hutakiwa kusubiri takriban miezi mitatu baada ya sindano hiyo, kwa sababu ya hatari ya maambukizi. Kuna wanaoficha wakiogopa kuahirishiwa. Tafadhali usifiche, goti bandia likiingia usaha, safari yake ni ndefu na chungu.

Hatua ya 5: Zungumza na daktari

Nenda na daftari na mtu mmoja wa nyumbani. Kabla ya hapo hakikisha jina la daktari limo kwenye orodha ya Baraza la Madaktari, KMPDC, inayopatikana mtandaoni. Maswali ninayowapa wagonjwa wangu ni haya, na hakuna daktari mwema atakayekasirika:

- Daktari, ukilitazama paja langu na picha hizi, utapitia njia gani, na kwa nini?
- Ukikuta ndani pamebana, utairefusha vipi?
- Ganzi ya baada ya upasuaji mtaiweka wapi?
- Mtafunga mkanda wa kuzuia damu pajani? Kwa muda gani?
- Nitaanza kukanyaga lini, na nani atanisimamisha?

Swali la ganzi watu hulipuuza. Ganzi ikiwekwa kwenye neva kubwa ya mbele ya paja, maumivu hupungua, lakini kwadrisepsi nayo hulala, na mgonjwa akijaribu kwenda chooni usiku goti linamwachia. Ikiwekwa kwenye ule mfereji wa ndani ya paja, maumivu hupungua na msuli hubaki na nguvu zaidi. Muulize daktari wa nusukaputi mwenyewe, si muuguzi wa mapokezi. Mkanda wa kuzuia damu, nao, huubana msuli wa paja. Madaktari wanatofautiana kuhusu matumizi yake, ndiyo maana ninataka usikie sababu za daktari wako.

Malipo siyaelezi kwa urefu. SHA, bima ya afya ya taifa, ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na upasuaji wa kupangwa unahitaji idhini kabla ya kulazwa. Ofisi ya bima ya hospitali ndiyo ishughulike nayo, nawe ufuatilie hadi upate jibu kwa maandishi.

Hatua ya 6: Wiki sita za kuamsha paja

Mwezi wa kwanza baada ya kubadilishiwa goti, nguvu ya kwadrisepsi hushuka kwa takriban 60% ikilinganishwa na ilivyokuwa kabla. Sehemu kubwa ya upungufu huo haitokani na kisu kula nyama. Ubongo unauzima msuli kwa sababu ya maumivu na uvimbe. Uvimbe mdogo tu hutosha: majaribio ya kuweka majimaji ndani ya goti lenye afya yalionyesha kuwa mililita 20 hadi 30 huanza kuuzima vastasi midialisi, wakati wenzake hustahimili hadi mililita 50 au 60. Hizo mililita 20 ni kama vijiko vinne vya chai. Kwa hiyo ukiingia thieta na akiba, utashuka na kubaki na kitu. Ukiingia mikono mitupu, utashuka mahali ambapo huwezi kujinyanyua.

Zoezi la kwanza ni la kukaza. Lala, mguu umenyooka, kisigino kimetulia. Sukuma nyuma ya goti ikalie godoro, uione pia ikipanda kuelekea tumboni. Shikilia sekunde tano. Mara kumi, asubuhi, mchana, jioni. Weka kidole kwenye ule msuli wa ndani. Ukisikia unagonga kidole, umeamka. Yule mama wa Kayole alikaa siku nne bila kusikia kitu. Siku ya tano alinipigia simu, akasema, "Daktari, kimeruka." Sikuhitaji kuuliza ni nini.

Ukiweza hilo, inua mguu mzima ukiwa umenyooka hadi usawa wa goti la pili lililokunjwa, ushushe polepole. Kisha zoezi la taulo ulilopimia. Kisha kuinuka kwenye kiti: anza na kiti chenye mto mgumu, uondoe mto wiki ya tatu. Telezesha kisigino kukunja goti, na kila siku laza kisigino juu ya taulo dogo dakika kumi goti likiwa hewani, ili lijinyooshe. Usilale na mto chini ya goti, hata kama unakupa raha. Raha hiyo ndiyo inayoligandisha.

Maumivu yakipanda wakati wa zoezi na kutulia ndani ya nusu saa, endelea. Goti likivimba na kuuma hadi kesho yake, punguza nusu, weka barafu iliyofungwa kwa kitambaa. Nguvu ya mikono pia isisahauliwe, maana magongo na fremu hubebwa na mikono.

Wanaoishi kwenye fleti zisizo na lifti, na Nairobi ni nyingi kutoka Pipeline hadi Kasarani, wafanye mazoezi ya ngazi sasa: kupanda, mguu mzima unatangulia, kushuka, mguu mgonjwa unatangulia. Ikiwezekana, panga wiki mbili za kwanza kwa ndugu anayeishi chini.

Wakati huo huo sukari ishughulikiwe. Wapasuaji wengi hutaka kipimo cha HbA1c, cha wastani wa sukari wa miezi kama mitatu iliyopita, kiwe chini ya 8%. Meno mabovu yatolewe au kuzibwa, vidonda vya miguu vipone, sigara iachwe, damu ipimwe, dawa zote zitajwe, zikiwemo za kienyeji na za kuyeyusha damu. Na usijinyoe mguu kwa wembe nyumbani. Mikato midogo ya wembe ni mlango wa vijidudu. Kama nywele zinahitaji kuondolewa, hospitali itaziondoa.

Hatua ya 7: Saa za kwanza kitandani

Ukizinduka, anza na nyayo: zipandishe na kuzishusha, mara kumi kila saa. Zoezi hilo husukuma damu na pia huonyesha kama ile neva ya upande wa nje ni salama. Wayo usipopanda baada ya ganzi kuisha, mwite muuguzi na umwambie waziwazi.

Usisimame peke yako mara ya kwanza, hata ukijisikia una nguvu za kwenda hadi Kikuyu kwa miguu. Mtaalamu wa fiziotherapia akija, atakuomba ukaze paja na kuinua mguu ukiwa umenyooka. Kama unaweza, utasimama kwa fremu siku hiyo hiyo au kesho yake. Kama huwezi, usivunjike moyo: rudi kwenye zoezi la kukaza, lile lile la sekunde tano. Ukimwona mtaalamu huyo ana mashine ndogo ya umeme ya kusisimua msuli, iombe. Husaidia paja lililolala.

Utagusa upande wa nje wa kovu na kukuta pamekufa ganzi kama ubao. Ni tawi dogo la neva ya ngozi lililokatwa njiani, na eneo hilo hupungua kadiri miezi inavyopita, ingawa wengine hubaki nalo. Lakini shavu la mguu likivimba na kuuma upande mmoja, pumzi ikikatika, kidonda kikitoa maji, au homa ikipanda, rudi hospitali siku hiyo hiyo.

Daftari libaki kando ya kitanda, kwenye kabati la dawa. Siku kisigino kitakapoinuka kutoka godoroni bila msaada wa mtu, goti likiwa limenyooka, andika tarehe. Ukija kwangu wiki ya pili, hiyo ndiyo nitakayotaka kuisoma kwanza.